Bakteria Waliong'aa

Katika treni ya asubuhi, fundi wa maabara alijifanya anasoma simu. Mbele yake, mama mmoja alikuwa akibishana na mchimba visima aliyekaa kando yake.

"Mwanangu alikuwa anasoma vizuri," mama alisema. "Sasa anasahau hata jina la dada yake. Daktari kasema damu yake imejaa risasi, yale madini. Na kisima tunachokunywa umekichimba wewe, kaka."

"Usinitwishe lawama, dada yangu. Maji yalipelekwa maabara. Wana bakteria waliotiwa jeni, wakionja risasi wanang'aa kijani. Kungekuwa na sumu, si wangeng'aa?"

"Labda waling'aa, watu wakanyamaza."

"Wanyamaze kwa nini? Wale wasomi!"

Jeni hiyo aliitia fundi yule, kwa kazi ya miaka minne, na siku ya maji ya kisima kile bakteria wake waling'aa mpaka akapiga makofi peke yake. Kisha mkuu wake akamkumbusha kwamba waliojenga kisima ndio wafadhili wa maabara, basi aandike kuwa kipimo bado ni cha majaribio na matokeo yake yasihesabiwe. Akaandika, tena bila kosa hata moja la tahajia.

"Bakteria hawadanganyi," mchimbaji alishikilia.

"Nimesema bakteria mimi?"

Treni ikasimama. Wawili wale wakashuka, bado wanavutana. Fundi aliinuka, akaita, "Mama!" Wanawake watatu wakageuka, yule hakugeuka, na fundi hakuita tena.