Millicent Mideva na Kisima cha Komarock

Marehemu Millicent Mideva Andati alizaliwa Kariobangi tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Andati, mfanyakazi wa kiwanda, na Mama Ruth Nerima aliyeketi hapa mbele, akasoma mumo humo mtaani, na mwaka wa 2001 akapata stashahada ya maabara.

Tarehe 6 Mei 2002 aliajiriwa katika maabara ya kupima maji, kazi yake ikiwa kutia kwenye maji unga wa kupimia usiong'aa hata kidogo, mpaka kimeng'enya cha vijidudu vya kinyesi kiukate, hapo ndipo hung'aa samawati chini ya taa maalum, na jamani, nani angethubutu kumwambia Millicent kwamba taa ile inaweza kudanganya!

Tarehe 5 Novemba 2005 alifunga ndoa na Willis Kweyu, fundi wa jua kali, wakajaliwa Clare na Wafula.

Mwezi Februari 2009 maji ya kisima cha Mzee Bedan Wahome, muuza maji wa Komarock, yaling'aa, Millicent akaandika ni machafu, kisima kikafungwa, na Mzee akaitwa muuaji na wateja wake mwenyewe. Siku ya kumi na moja tangu kifungwe, Millicent alimulika chupa tupu, isiyotiwa kitu, nayo ikang'aa vilevile, ndipo akakumbuka kwamba chupa hizo alizipeleka nyumbani akazisugua kwa sabuni ya kufulia, na sabuni ile hung'aa yenyewe chini ya taa; akapima upya kwa chupa safi, maji hayakung'aa. Wakubwa walimshauri anyamaze, lakini akivuliwa nguo muungwana huchutama, na Millicent hakungoja kuvuliwa. Jumapili tarehe 22 alisimama penye kisima, akawaambia watu kosa ni lake, akanywa kikombe kizima mbele yao. Kazini alipewa barua ya onyo, wateja wakarudi kisimani, ila Mzee Wahome hakusema naye tena, miaka kumi na sita, na jambo hilo lilimuuma sana.

Januari 2024 aligunduliwa ana saratani ya ini, akatibiwa kwa subira, hadi Jumanne tarehe 2 Septemba 2025, saa nne asubuhi, alipoaga dunia Willis akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kariobangi waliokesha nasi matangani, na wenzake wa maabara. Tunamshukuru pia Mzee Bedan Wahome, ambaye leo asubuhi, bila kuitwa na mtu, ameteremsha mitungi ishirini mlangoni petu, na ndiyo maji mnayokunywa.

Millicent, Mzee amekuja, nenda ukapumzike.