Kesi ya Kijitaa cha Njano

Benchi letu la Kibuli, chini ya barabara inayopanda msikitini, ni ubao wa bodi ya lori uliolazwa juu ya mawe mawili. Mwisho wa kushoto nakaa mimi, kwa sababu ya uzito: nikinyanyuka bila kutoa taarifa, waliobaki wanakwenda chini. Wananiita Viza. Nimeishi Mombasa, nimeishi Juba, nimeishi Lubumbashi, na nilichorudi nacho ni hadithi na kitambi. Katikati hukaa Akram, muuza vioo vya magari, tunamwita Sipea. Mwisho wa kulia ni Abdul-Latif, polisi mstaafu, Afande, ambaye hata kahawa anaiagiza kwa amri. Zulaikha ndiye mwenye birika, tangawizi na msumari. Msumari ule ndio sheria yetu: dereva akishtakiwa kuua gari, ufunguo unatundikwa pale kwenye nguzo ya kibanda mpaka benchi liamue. Siku hiyo, baada ya alasiri, ulining'inia ufunguo wa lori dogo la Mama Hortense, Mkongomani muuza mabati, na mbele yetu alisimama dereva wake, Marjan. Giaboksi ya otomatiki ilikuwa imechemka na mzigo mlimani, njia ya Fort Portal. Mama alikuwa anakuja kusikia hukumu. Marjan akipatikana na hatia, ufunguo ungekwenda kwa Kidega, dereva mwingine aliyekuwa akiingojea nafasi hiyo.

— Semeni ukweli! Marjan alifoka. Ni nyinyi mliniambia!

— Mshtakiwa, punguza sauti, alisema Afande. Eleza gari.

— Gari gani nieleze tena, Afande, na mliipanda wote mkapiga picha? Iko na kibonyezo ya ovadraivu kwenye mkono wa gia. Siku nimeileta hapa, kataa ka njano kalikuwa kanawaka kwenye dashibodi. Nikauliza, wazee wangu, hii ni nini? Sipea, ulisema nini?

— Mimi nasema mambo mengi, mtu yangu.

— Ulisema taa ya njano ni ugonjwa! Ulisema bonya mpaka izime!

— Na ni ugonjwa! Mtu macho yakigeuka njano unampeleka wapi, harusini?

Zulaikha alicheka puani, akamimina. Sipea alipoona amepata mteja, akajipandisha.

— Sikiliza, Marjan. Ovadraivu ni nguvu ya akiba, kama nundu ya ngamia. Kwenye tambarare ngamia hagusi nundu. Mlima ukija, anaifungua. Wewe ulichelewa kufungua. Samaki mkunje angali mbichi!

— Samaki gani, banange, jamani? Ilikuwa wazi toka hapa Kampala! Nafika mlimani, gia inaingia ya juu, inashindwa, inarudi chini. Inaingia tena, inarudi tena. Kama mlevi anatafuta mlango wake! Mpaka nikasikia harufu, mpaka moshi, mpaka watoto wa pale wakaniletea maji na majani!

— Hapo sasa, alisema Afande, akanyoosha kidole. Hiyo ni ikweta.

— Ikweta imefanya nini?

— Gari imetengenezwa Japani, upande wa juu wa dunia. Ukivuka ikweta, mambo yanazunguka kinyume. Maji yanazunguka kinyume, na oili ndani ya giaboksi ni maji vilevile. Gia ya juu inajiona ya chini. Hilo si kosa la dereva, lakini dereva alitakiwa kuripoti kituo cha karibu.

— Ikweta iko mbele ya Kasese! Mimi sikufika hata Fort Portal!

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu lipi? Iliyovunjika ni giaboksi, Afande! Na wewe ulisema, ovadraivu imewashwa na kiwanda, raia asiizime. Ulisema ni amri!

Afande alikunywa kahawa ya moto kwa mkupuo mmoja, jambo linalofanywa na mtu aliyekosa pa kutazama.

Hapo nami nikaona aibu kunyamaza, mtu wa safari zangu.

— Vijana, nikasema, mnasahau upepo. Ovadraivu inalishwa na upepo. Mabati yalipangwa vibaya, yakauziba upepo, giaboksi ikakosa pumzi. Kule Lubumbashi...

— Viza, nyamaza! Marjan alinigeukia, na mate yake yakanifikia. Wewe ndiye mbaya kuliko wote! Hawa walibahatisha. Wewe uliapa! Ulisema, Lubumbashi kila dereva anapanda milima na ovadraivu. Nikakuamini, kwa sababu wewe umetembea!

Lubumbashi, ndugu msomaji, ni tambarare kama chapati. Jambo hilo lilinirudia pale pale, na halikunifaa kitu.

— Nina watoto wanne, alisema Marjan, sauti imeshuka lakini hasira haijashuka. Mimi nilikuja hapa kuuliza. Mngesema tu, hatujui.

Hakuna aliyewahi kusema neno hilo katika benchi lile. Sidhani ubao ungelivumilia.

Bodaboda ikasimama. Mama Hortense akashuka, kitenge kimefungwa kwa nguvu, uso umefungwa zaidi.

— Jambo yenu, ba papa, bazee wangu. Natoka kwa fundi. Anasema ile ovadraivu ni gia ya barabara sawa, wakati gari iko na mwendo na haivute sana, injini ipumuzike. Kama iko muzigo, na mulima, kupanda ao kushuka, unaizima. Na kale kataa kakiwaka, njo kanasema imezimwa. Kalikuwa kanawaka muzuri. Mutu akakazimisha, akapanda mulima na mabati yangu.

Sipea akaanza kufuta kikombe chake kwa shati.

— Mi minauliza neno moya tu, alisema Mama. Nani alimufundisha?

Swali jepesi. Mtoto wa madrasa angelijibu. Nilimtazama Afande, Afande akamtazama Sipea, Sipea akautazama mnara wa msikiti.

Marjan alitutazama mmoja mmoja. Nilisubiri atulipue, haki yake.

— Nilijifundisha mwenyewe, Mama, alisema.

— Wewe mwenyewe?

— Mimi mwenyewe.

Mama Hortense alivuta pumzi, akauchomoa ufunguo msumarini.

— Basi naupeleka kwa Kidega. Pole, papa.

Akaanza kurudi kwenye boda. Marjan akageuka upande mwingine, akachuchumaa kando ya mtaro, ametupa mgongo. Afande akaninong'oneza:

— Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Sipea akanyoosha kikombe kwa Zulaikha.

— Kahawa imekwisha, alisema Zulaikha.

Birika lilikuwa limejaa. Tuliliona linafuka mvuke mbele ya macho yetu. Alilifunika kwa kitambaa, akakaa mbele yake kama askari wa geti.

— Imekwisha, alirudia. Kwenu wote watatu.

Nikasimama, bila kutoa taarifa.

Nyuma yangu ubao ulipaa, Afande na Sipea wakaenda chini na vikombe vyao, na mmoja wao akamtaja Mungu kwa Kinubi. Mama Hortense, mguu mmoja tayari juu ya pikipiki, aligeuka kutazama kishindo. Ufunguo ulikuwa bado mkononi mwake.

— Mama, nikasema, ngoja kidogo.