Mzee Kidole na Tairi la Ndani

Wasikilizaji wapendwa, kama uko ndani ya basi unanisikia na dereva hajawasha bado, niazime masikio. Kama ameshawasha, basi sikiliza tu, yaliyobaki mwachie Mungu.

Leo tunamkumbuka fundi matairi. Amezikwa juzi. Watu wote walimwita Mzee Kidole, hata mkewe. Kwa nini Kidole? Kwa sababu hakuamini macho. Alikuwa anapitisha kidole gumba kwenye mifereji ya tairi, taratibu, amefumba macho, kama anamtafuta chawa. Halafu anasema, "Hili bado." Au, "Hili kwaheri."

Alifanya kazi kwenye yadi ya mabasi. Na aliishi humo humo. Narudia, wasikilizaji, maana ndiyo habari yenyewe: alifanya kazi yadini na aliishi yadini. Chumba kimoja, kati ya stoo na ukuta. Ukifungua dirisha unauona ukuta. Ukilifunga unabaki na harufu ya mpira. Yeye, mkewe na binti yao mmoja.

Mwenye mabasi alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Shemeji ndiye aliyempa kazi. Shemeji ndiye aliyempa chumba. Na funguo za geti zilikaa mfukoni mwa shemeji. Mkewe ameniambia hivi, nanukuu: "Mume wangu alikuwa mtu mzima, lakini akitaka kutoka jioni anabisha hodi kwa ndani. Umeshaona wapi mtu anabisha hodi ili atoke?"

Sijaona, mama. Mzee mwenyewe alikuwa anacheka tu. Anasema, "Ukilalia kitanda cha mtu, hata ndoto unaota zake."

Sasa nisikilizeni vizuri. Basi lina matairi pacha nyuma. Kila upande moja nje, moja ndani. La nje kila mtu analiona. La ndani limejificha, mpaka ulale chini uingize mkono. Na pale yadini kulikuwa na desturi. Matairi mazuri yanakaa nje. Yaliyochoka yanasukumwa ndani. Madereva walikuwa na msemo wao: "Nje harusi, ndani matanga." Wanacheka, wanapiga honi, wanaondoka.

Mzee Kidole alikuwa hacheki hapo. Kila asubuhi analala chini, mkono ndani mpaka begani. Akikuta tairi limechoka anamfuata shemeji pembeni, kwa adabu. Siku nyingine shemeji anakubali. Siku nyingine anamwambia, "Shemeji, wewe ni fundi au nabii?" Basi, mzee anarudi chumbani kwake. Aende wapi?

Ikaja asubuhi ile. Binti yake alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Kuripoti ni siku hiyo hiyo, mwisho saa kumi, na huko kulikuwa na basi moja tu, la mjomba wake. Ameshakaa dirishani. Sanduku juu ya mapaja, viatu vimepakwa rangi. Kwa mara ya kwanza mtu wa chumba kile anatoka nje ya geti kwenda kuwa kitu.

Mzee akalala chini. Akaingiza mkono. Akautoa una damu.

Lile tairi la ndani halikuwa kipara tu. Kipara angalau bado ni mpira. Hili lilikuwa limeliwa mpaka waya zimetokeza.

Akamfuata shemeji. "Shemeji, hili haliendi."

"Litaenda na litarudi. Jioni tutabadilisha."

"Shemeji, mtoto yuko ndani."

"Kwani mimi si mjomba wake? Namtakia mabaya mimi?"

Abiria nao wakaanza. "Wewe mzee, toka huko chini! Unatafuta mafuta?" Binti akatoa kichwa dirishani, akasema kwa sauti ndogo, "Baba, usianze. Leo tu. Nakuomba."

Wasikilizaji wapendwa, fikirieni mmelala pale. Juu yako mtoto anakuomba. Pembeni yako amesimama mtu anayekulaza na kukulisha. Na mbele ya pua yako kuna waya. Utafanyaje?

Mzee akachomoa valvu. Upepo wote ukatoka. Fyuuuu, yadi nzima ikasikia.

Shemeji alifunga stoo yenye tairi la akiba, akapanda pikipiki, akaondoka na ufunguo. Alirudi jioni, hasira zimepoa. Basi halikwenda. Binti alifika chuoni kesho yake, nafasi ameshapewa mwingine. Akarudi na sanduku lake.

Hawakufukuzwa. Ingekuwa afadhali, anasema mke. Walibaki mle mle. Binti akanunuliwa cherehani, akaiweka mlangoni pa chumba kile kile, akashona sare za wenzake waliokwenda shule. Kila asubuhi mabasi yanampita puani. Baba na mtoto waliandaliana chai bila maneno, miaka na miaka.

Na hakuna wa kumtetea mzee, kwa sababu ajali ambayo haikutokea haina picha. Huwezi kuwaonyesha watu kaburi ambalo halikuchimbwa. Lile tairi lenyewe aliliegemeza ukutani, nje ya chumba. Hakulitupa. Hakumwambia mtu aje alitazame. Binti alishona hatua chache kutoka hapo, na hakuligusa hata siku moja.

Mzee Kidole aliugua kifua. Akafa chumbani mle, dirisha likiutazama ukuta.

Binti hakulia alipoambiwa. Alifagia. Watu wanakuja, inabidi wapate pa kukaa, akaanza kuviringisha matairi ya zamani yawe viti. Akafika kwenye lile la ukutani. Akalishika kwa ndani. Waya ukamchoma kidole gumba.

Amenisimulia mwenyewe: "Nilikaa chini pale pale. Nikasema, kumbe, Baba. Kumbe."

Siku ya mazishi, mjomba alitoa basi. Jeneza limepakiwa, waombolezaji wamekaa, dereva yuko tayari. Binti akamwambia, "Subiri." Na gauni lake la msiba akalala chini, mkono ndani mpaka begani. Akatoka. Akasema, "Hili kwaheri."

Dereva akasema, "Dada, tunachelewa, makaburini wanatusubiri."

"Marehemu hana haraka."

Hakuna aliyepiga kelele. Mjomba mtu, mzee sasa, alikwenda stoo kwa miguu yake, akafungua, akaliviringisha tairi jipya mwenyewe. Akamkabidhi mpwawe. Na ufunguo wa stoo akamwachia mkononi. Ndipo geti likafunguliwa, na Mzee Kidole akatoka bila kubisha hodi.

Kwa mama mjane, kwa binti, na hata kwako wewe shemeji, poleni sana. Mungu amlaze pahali penye nafasi.

Na wewe unayenisikiliza, kabla hujawasha, inama. Chini kabisa ya mifereji kuna vinundu vidogo. Mpira ukilingana navyo, tairi limekwisha, usibishane nalo. Likiliwa katikati, upepo ulizidi. Likiliwa pembeni, ulipungua. Likifanya nyufa ubavuni, limezeeka, hata kama mifereji bado mirefu. Na ukimaliza la nje, wasikilizaji wapendwa, ingiza mkono uguse la ndani.