Mama Yetu Ottilie na Fidla ya Chumba cha Makaa

Ndugu, majirani na marafiki, mama yetu Ottilie Rosner alizaliwa Vienna tarehe 14 Machi 1911, binti wa pekee wa fundi saa Leopold Haas na mkewe Klara, akahitimu masomo ya muziki mjini humo Juni 1932, akaajiriwa kupiga fidla katika okestra, na tarehe 3 Mei 1936 akafunga ndoa na baba yetu Emil, mpiga piano.

Wanazi walipoingia Machi 1938, wanamuziki Wayahudi, wao wawili wakiwamo, walifukuzwa kazini, na Agosti wakafika London, mama kwa kibali cha mtumishi wa ndani, baba kama mpishi asiyejua hata kukaanga yai. Wageni walikatazwa kupiga muziki kwa malipo, na mama aliogopa mno kurudishwa Vienna, hivyo kila jioni, mikono ikiwa imechubuliwa na magadi ya kusugulia sakafu, alishuka chumba cha makaa, chini ya nyumba ya waajiri wake, kufanya mazoezi ya fidla kwa vidole tu, bila kugusisha upinde kwenye nyuzi, asije akasikika.

Juni 1940 polisi walimchukua baba kama raia wa nchi adui, wakamfungia kisiwani Man, na mama, akiwa na mimba ya kaka yangu Georg, hakujua kama mumewe yu hai hadi alipoachiliwa Februari 1941. Mwaka uliofuata, wanaume wengi wakiwa vitani, wageni waliruhusiwa kupiga muziki kwa malipo, naye akaenda kujaribiwa na okestra moja, ambako kiongozi wake, alipoviona vidole vyake vilivyopasuka, alimuuliza, "Bibi, mara ya mwisho ulipiga lini?" Akajibu, "Jana, ila hakuna aliyesikia."

Akapiga, wakamwajiri, akadumu na okestra hiyo hadi Julai 1971. Hata siku ya mwaka 1946 alipopata habari kwamba wazazi wake waliuawa na Wanazi, alikwenda kazini, kwa kuogopa kwamba akikosa mara moja tu atafukuzwa, na mimi, Lisl, niliyezaliwa mwaka ule, nilikua nikiambiwa naye kwenye basi, "Sauti chini, wanasikiliza."

Novemba 1988 alipatwa na kiharusi, na kila viatu vilipolia kwenye korido ya hospitali alishtuka akiuliza, "Wamekuja?"

Tunawashukuru madaktari, majirani, wanamuziki wenzake, na hasa muuguzi Maureen Tully, aliyevuta kiti hadi mlangoni, akakaa, akamwambia, "Leo mlango ninaulinda mimi, mama, hapiti mtu." Mama alimtazama kwa muda mrefu, akafumba macho, na asubuhi ya tarehe 2 Februari 1989 akafariki akiwa amelala fofofo, usingizi ambao sisi wanawe hatukuwahi kumwona akiulala.

Hakuna anayekuja, mama. Pumzika kwa amani.