Bwana Mushumbusi, Hotuba 312 na Kikombe cha Kijani

Bwana Kristofa Mushumbusi, Katibu Tarafa wetu, anastaafu tarehe 30 Juni 1992 baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi. Katika miaka hiyo ametoa hotuba mia tatu na kumi na mbili za kuhimiza umoja. Hesabu ni yake mwenyewe, na karani aliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu hakuona sababu ya kuipunguza.

Alianza Bukoba mwaka 1964 kama karani wa masjala. Vita ilipofika Kagera mwishoni mwa 1978 alikuwa Kashai, ambako wapangaji wenye asili ya Uganda walikuwa wameanza kuitwa wapelelezi. Alizunguka na kipaza sauti akiwasihi wananchi watulie, wala wasinyoosheane vidole. Wananchi walitulia. Yeye alitulia kuliko wote, kwa kuwa mizigo yake ilikwishafika bandarini. Kipaza sauti alikirudisha mwaka uliofuata kikiwa kizima, na barua ya kumpongeza kwa kutunza mali ya umma imo kwenye jalada lake.

Mwaka 1983 alihamishiwa Muleba. Visiwani, ndani ya Ziwa Victoria, alifika mara moja tu. Aliwahutubia wavuvi kutoka mikoa mbalimbali juu ya faida za kukaribiana, akiwa amesimama ndani ya boti, injini ikiunguruma.

Hotuba zake zote zilimalizika kwa maneno yaleyale: sote tunywe kibuyu kimoja. Maneno hayo yalipigiwa makofi kila mahali mpaka Agosti 1988, alipotokea mtu wa kuyaamini.

Mtu huyo ni Shilogile, Msukuma mchuuzi wa samaki, aliyekuwa akiishi kijiji cha Izigo, hukohuko Muleba, na mkewe Joviana na watoto wanne. Mwezi huo walizikwa vijana watatu kwa UKIMWI, ambao wengi bado waliuita Juliana. Bwana Rwegasira, jirani yao, na wenzake wakasema umeletwa na wachuuzi wa samaki, na wakataka familia ya Shilogile iwe imeondoka kabla ya Jumapili. Mkutano ukaitishwa.

Bwana Mushumbusi alizungumza kwa saa mbili na nusu. Alisoma karatasi ya madaktari neno kwa neno: ugonjwa huu hauambukizwi kwa kusalimiana, kula wala kunywa pamoja. Alipofika kwenye kibuyu kimoja, Shilogile alisimama na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, chenye mrija mmoja. Akaonja kwanza, kama desturi inavyomtaka mwenye kukaribisha, kisha akampa mgeni wa heshima kwa mikono miwili.

Mgeni wa heshima alifungua mkoba wake akatoa kikombe cha bati cha kijani.

Alieleza kuwa ni ushauri wa daktari wa meno. Daktari huyo hajapata kuonekana kwenye jalada lake la matibabu. Joviana akaanza kumfunga mtoto mgongoni.

“Mmeona wenyewe,” alisema Rwegasira. “Kama Bwana Mkubwa anaogopa, sisi ni nani?”

Ndipo Mama Eufrazia, aliyekuwa amezika watoto wake wawili mwaka huo, alipojivuta mpaka mbele, akamwita Shilogile kwa heshima ya Kihaya.

“Leta hapa, waitu. Nyote mlikaa majumbani mwenu, huyu ndiye aliyenibebea jeneza. Nikifa kwa rubisi, nizikeni na kikombe cha Bwana Mkubwa.”

Alikunywa mpaka mrija ukalia. Watu walicheka, kibuyu kikajazwa tena, kikazunguka. Rwegasira alikunywa wa mwisho, lakini alikunywa. Jumapili ilipofika, Shilogile alikuwa gulioni akiuza sato.

Taarifa iliyopelekwa wilayani inasema Katibu Tarafa alituliza hali kwa mfano wake binafsi. Alitunukiwa cheti. Mama Eufrazia alitunukiwa sato.

Kuhusu sherehe ya leo, watumishi tuliupigia kura utaratibu wa kunywa, bila majina, na hakuna aliyepinga. Rubisi imeletwa na Shilogile: kibuyu kimoja, mrija mmoja. Ataonja yeye, kisha mgeni wa heshima. Kikombe cha kijani kimefungiwa salama kwenye kabati la masjala, na ufunguo anao Mama Eufrazia, aliyeketi kiti cha mbele.

Asante, mzee wetu, kwa hotuba mia tatu na kumi na mbili. Leo hatuhitaji nyingine. Tunakuombea afya, migomba inayozaa na majirani wasiopungua. Karibu unywe.