Viti Viwili vya Njiani: Maisha ya Mwalimu Yusto Burito (1989–2025)

Ndugu waombolezaji, familia ya Mzee Burito inawaletea kwa heshima maisha ya mpendwa wetu, Mwalimu Yusto Burito, ambaye leo Jumamosi, tarehe 7 Juni 2025, tunamsindikiza hapa nyumbani kwao Butiama.

Marehemu Yusto alizaliwa tarehe 14 Machi 1989 hapa hapa Butiama, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto wanne wa Mzee Burito na Mama Jenoveva. Tangu utoto alikuwa na miguu myepesi. Mama yake anakumbuka kwamba akitumwa chumvi dukani alirudi kabla mboga haijachemka, kisha akaomba kutumwa tena. Alikuwa pia mtoto wa kuumwa koo mara kwa mara. Alisukutua maji ya chumvi, koo likapoa, na siku zikaendelea. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba koo na moyo vina undugu.

Alisoma shule ya msingi hapa Butiama kuanzia mwaka 1997 hadi 2003, na mwaka 2004 akajiunga na sekondari mjini Musoma. Mwezi Julai 2005, akiwa Kidato cha Pili, alishiriki mbio za mita elfu moja na mia tano katika mashindano ya shule. Aliongoza hadi kona ya mwisho, akaanguka. Hospitalini ilibainika kwamba maradhi yale ya koo yalikuwa yameharibu valvu moja ya moyo wake. Daktari alimwandikia sindano ya kila mwezi na kumkataza mbio za mashindano maisha yake yote. Yusto, mwenye umri wa miaka kumi na sita, aliuliza swali moja tu: "Daktari, mbona mioyo ya wenzangu nayo ilienda kasi, kisha ikatulia?"

Daktari akamjibu, "Ukitaka kulijua hilo, kasome."

Alisoma. Alimaliza Kidato cha Sita mwaka 2010, na Oktoba mwaka huohuo akaanza masomo ya sayansi ya michezo katika chuo kikuu jijini Dar es Salaam. Huko alijikita katika fiziolojia ya mazoezi, yaani elimu ya namna moyo, mapafu na misuli vinavyofanya kazi mtu anapojituma na anapopumzika. Baba yake hakupendezwa.

"Ulikatazwaga kukimbia," Mzee alimwambia, "sasa unaenda kusomea kukimbia. Mtu aliyekatazwa nyama anafungua bucha?"

"Baba, nasomea moyo."

"Moyo unasomewaga na madaktari. Wewe unasomea filimbi."

Kwa miaka mingi baada ya hapo, Mzee alipoulizwa mwanawe alisomea nini, alijibu, "Yuko Dar," na baadaye, "Yuko Bunda." Yusto hakubishana. Ila alimwambia dada yake Judith kwamba kuna jambo moja analitamani kuliko cheti chenyewe: kwamba siku moja baba yake ataje kwa kinywa chake kile alichosomea.

Chuoni, wanafunzi walifanya zoezi la kupanda na kushuka benchi kwa dakika tano, kisha wakapimwa mapigo ya moyo. Yusto hakuruhusiwa kupanda. Alipewa saa na daftari. Mwenzake mmoja akamtania, "Wewe Msukuma benchi, sisi tunatoka jasho umekaa tu." Yusto akajibu, "Kwanza mimi si Msukuma, natoka Mara. Pili, jasho lako ndilo somo langu, endelea kupanda." Ni katika daftari lile alipata jibu la swali lake. Aliandika kwamba afya ya moyo haionekani pale unapoenda kasi tu, bali inaonekana zaidi katika dakika za kwanza za kupumzika, unapotulia. Kwa hiyo pumziko si mwisho wa zoezi, ni sehemu yake. Alihitimu mwaka 2013. Sisi wapwa zake tulimwita Mjomba Saa, kwa kuwa hakuna aliyepanda ngazi mbele yake bila kushikwa mkono na kuhesabiwa mapigo.

Januari 2014 aliajiriwa kuwa mwalimu wa Baiolojia na michezo katika shule ya sekondari wilayani Bunda, akafundisha hapo hadi ugonjwa ulipomzidi. Kabla ya kumsajili mwanafunzi kwa mbio, alimuuliza kwanza, "Koo linakuumaga? Mara ngapi kwa mwaka?" Wanafunzi walicheka, wakauliza kama mtu hukimbia kwa koo. Lakini kwa swali hilo aliwapeleka hospitalini vijana kumi na mmoja, na wawili kati yao walikutwa na moyo kama wake, mapema kuliko yeye. Wote wawili wapo nasi hapa leo.

Tarehe 12 Desemba 2015 alifunga ndoa takatifu mjini Bunda na Penina, mshonaji wa nguo. Wakati wa uchumba alimweleza ukweli wote kuhusu moyo wake na kumwambia kwamba angeelewa kama angebadili mawazo. Penina alimjibu, "Mimi sikutafuta mtu wa kukimbia naye." Mungu aliwajalia watoto wawili, Florian na Agness.

Mwezi Agosti 2021 Mzee Burito alipata kiharusi kilicholegeza upande wake wa kulia. Aliporudi kutoka hospitali alinunuliwa kiti cha magurudumu, akawa anashinda mlangoni. Yusto alianza kuja kutoka Bunda kila Jumamosi. Alipotaka kumshika mkono watembee, Mzee alikataa mbele ya watu wote: "Mtoto hamwongozi baba yake kama mbuzi." Yusto akamwacha. Jioni ng'ombe waliporudi, alikwenda zizini, akarudi na kutoa taarifa.

"Baba, wamefika wote. Hata yule mweupe mwenye baka jeusi mgongoni."

"Hatuna ng'ombe wa hivyo."

"Nimemwona kwa macho yangu."

"Umeona wa jirani. Shule zote hizo, na ng'ombe wa kwenu humjui. Leteni fimbo yangu."

Siku hiyo Mzee alitembea hatua saba. Kwenye hatua ya saba Yusto alikuwa ameshaweka kiti.

Tangu hapo viti sita vya sebuleni vilihamia uani, vikapangwa kutoka mlangoni hadi zizini. Mzee alitembea hadi kiti, akakaa, Yusto akahesabu mapigo hadi moyo utulie, ndipo wakaenda kiti kinachofuata. Mama Jenoveva alilalamika, "Wageni wangu wakae wapi, kwenye nyasi?" Kadiri Mzee alivyopata nguvu, Yusto alirudisha viti ndani kimoja kimoja na kupanua nafasi kati ya vilivyobaki. Kufikia mwisho wa mwaka 2023 vilikuwa vimebaki viwili.

Ni katika kipindi hicho mzee mmoja wa kanisa alikuja kusalimia, akakuta kiti kitupu uani, akakaa. Mzee Burito akaja na fimbo yake, akasimama mbele yake akihema.

"Karibu, Mzee mwenzangu, tuzungumze," mgeni alisema.

"Tutazungumza. Kwanza uondoke, umekalia darasa langu," alijibu Mzee. "Huyu kijana wangu alisomeaga moyo chuo kikuu. Mimi hapa niko mwaka wa tatu."

Yusto alikuwa amesimama pembeni na saa yake. Judith, aliyekuwapo, anasema kaka yake aligeuka akatazama zizi kwa muda mrefu, na siku hiyo alisahau kuhesabu.

Mwishoni mwa mwaka 2024 Yusto alianza kukosa pumzi na kuvimba miguu. Alitibiwa Musoma, kisha akapelekwa hospitali ya rufaa jijini Mwanza, ambako madaktari walipanga afanyiwe upasuaji wa valvu. Alikuwa amemwahidi baba yake kwamba Pasaka angeondoa kiti kimoja kati ya viwili. Pasaka ilimkuta kitandani. Hali yake ilibadilika kabla ya siku ya upasuaji, na Jumatatu, tarehe 2 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, alifariki dunia akiwa na miaka thelathini na sita, mkewe akiwa kando yake. Familia inawashukuru sana madaktari na wauguzi wote waliomhudumia.

Mzee Burito alipopewa habari alirudi kwenye kiti cha magurudumu. Kwa siku mbili hakunyanyuka, na wengi tulidhani hatatembea tena. Jumatano jioni, ng'ombe walipokuwa wakiingia zizini, Penina alimsogelea na kusimama mbali kidogo, kwa heshima ya mkwe.

"Baba," alisema, "ng'ombe wamerudi wote. Na yule mweupe mwenye baka jeusi naye yupo."

Mzee alimtazama, akasema, "Hata siku ile nilijuaga kwamba hayupo." Akaomba fimbo yake.

Marehemu ameacha wazazi wawili, Mzee Burito na Mama Jenoveva, mke, Penina, watoto wawili, Florian na Agness, dada wawili, kaka mmoja, wapwa na wanafunzi wengi.

Familia inaomba jambo moja kwenu. Mzee amesema atakwenda kaburini kwa mwanawe kwa miguu yake mwenyewe. Ni mwendo wa hatua mia moja na arobaini kutoka mlangoni, kwa njia ileile ya zizini. Njiani mtaviona viti viwili vya mbao mahali palepale Yusto alipoviacha. Tafadhali msivikalie wala msiviondoe. Mzee atakapoketi, naomba nasi tusimame tumsubiri hadi moyo wake utulie. Hakuna haraka. Yusto angesubiri.

Mungu ampokee Yusto na kumpa pumziko jema.