Nafasi ya Kidole Juu ya Mlango

Wacheni kuusukuma huo mlango, wanangu, mtaumiza mabega bure. Zungukeni nje mje hapa dirishani kando ya kitanda changu, nyote watatu, msimame mahali nitawaona. Kaloki, wewe kifungua mimba, simama mbele. Muthoki, pangusa machozi, bado sijafa. Roy, sogea chini ya paa kidogo, mvua inakunyeshea. Nilikuwa nimepanga niwaambie maneno yangu ya mwisho nikiwa nimeketi sebuleni na kitambaa kizuri kichwani, baada ya kutia sahihi karatasi za watu, lakini mlango umekataa kufunguka na hii pumzi yangu nayo haina subira, kwa hivyo nitawaongelesha kupitia hizi grili kama mfungwa aliyetembelewa, na nyinyi mtanisikiliza bila kunikatiza.

Najua mnachoogopa. Kinyanjui na bibi yake Nyakio, wale wanaonunua hii nyumba, wako njiani na loya wao. Wanakuja kuangalia kama yale yote waliyotaka yarekebishwe yamerekebishwa, halafu waweke sahihi yao nami niweke yangu. Na loya alitueleza vizuri sana, nikiwa nimelala hapo hapo nikimsikiliza, kwamba taito, hati ya hii nyumba, iko kwa jina langu, na nikifa kabla sijaweka sahihi mambo yote yataenda kortini, na hapo ndugu ya baba yenu, Wathome, atatoka Kibwezi na koti lake la mazishi aseme nyumba ni ya ndugu yake, na nyinyi mzeeke kwenye veranda za korti. Hiyo naielewa. Ndiyo maana nilikubali kuuza, niwagawie mimi mwenyewe nikiwa bado naona. Lakini kama nina macho, pia niko na masikio. Asubuhi mlango ulipokataa nilimsikia Roy akisema shoka liko stoo, na nikamsikia Kaloki, mtoto niliyembeba mgongoni nikiuza vitunguu, akimjibu kwa sauti ya chini: "Wacha kwanza waweke sahihi. Mlango tutavunja baadaye."

Halafu ukaja hapa dirishani, Kaloki, ukanipitishia karatasi na kalamu katikati ya vyuma.

Usiinamishe kichwa, sikusemi ili uaibike. Nakuambia nilivyohisi. Sikukasirika, niliogopa. Niliitazama ile kalamu nikajua kwamba kitu cha maana kilichobaki ndani ya hiki chumba ni mkono wangu wa kulia. Mimi, Mwelu, mama yenu, niliyeijenga hii nyumba gunia kwa gunia, nimekuwa kitu kinachosumbua biashara. Na tangu hapo nimekuwa nikiutazama huu mlango na kusikia kuta zikinikaribia, ingawa najua kuta haziwezi kutembea. Huu mmoja, hata hivyo, umetembea, na sasa nitawaambia kwa nini, maana mmesoma shule nyingi lakini hamkuwahi kuniuliza.

Hii ploti tulinunua kwa mzee Kasaine wakati hapa Kitengela punda milia walikuwa wengi kuliko majirani. Alitusalimia sopa kwa Kimaasai, akatutembeza mpaka kwa mpaka, akachukua sukari na majani ya chai tuliyomletea, na mwisho akasema ng'ombe wake hawalali hapa mvua ikinyesha. Baba yenu Kivuva akacheka, akamwambia sisi si ng'ombe. Mzee akacheka pia, akaenda zake. Mvua ya kwanza ndiyo ilitutafsiria yale maneno. Huu udongo mweusi ukikauka unapasuka nyufa za kupotezea kandambili, na ukinywa maji unavimba kama unga wa mandazi na kuinua nyumba upande mmoja, leo huku, kesho kule. Watu wa hapa wote wanajua, na wote wanapaka rangi na kunyamaza, kwa sababu kila mmoja anangojea mnunuzi.

Roy, wewe ulikuwa mtoto wa kunyonya. Tulikuwa tumehamia juzi tu, na huu mlango, huu huu, ulikuwa mpya, mti wa mvule, niliununua baada ya msimu mzuri wa vitunguu vya Kimana, na nilikuwa naupangusa kila siku kama sahani ya wageni. Nilikulaza ndani nikatoka kuanua nguo mvua ikija, nikaurudisha mlango ili upepo usikupate. Niliporudi mlango ulikuwa umebanwa. Ukuta wa juu ulikuwa umeishukia fremu, na wewe ukalia, ukalia, mpaka ukanyamaza, na huko kunyamaza kwako ndiko kulinitoa akili. Kaloki alikuwa hapo ameshika leso yangu. Baba yenu alikuja na mtaimbo. Jirani aliyekuja kutusaidia akamwambia, mzee, ngoja tuite fundi asije akauharibu mlango mzuri namna hii. Baba yenu hata hakugeuka kumtazama. Alisema, "Mtoto yuko ndani." Akagonga.

Baadaye alirudisha ukuta, lakini hakuurudisha ulivyokuwa. Aliacha nafasi ya kidole juu ya fremu, kutoka pembe hii mpaka ile, ili nyumba ikivimba iwe na mahali pa kwenda. Ilikuwa mbaya kwa macho, sikatai. Mimi nikaisokotea kipande cha gunia la vitunguu upepo usipite, na kwa miaka yote hiyo gunia lile lilikuwa likibanwa mvua ikija na kulegea wakati wa jua, na mlango wangu ukafunguka siku zote. Hata baba yenu alipokufa walimtolea hapo, na haukusumbua.

Sasa mwaka huu mkamleta injinia Hiram kwa niaba ya wanunuzi. Alikuja jua likiwa kali, nyufa zote zimefungua midomo. Akagonga kuta kama daktari anayegonga kifua, akamulika dari, akafungua kila bomba, na alipofika hapa kwangu akachomoa lile gunia kwa ncha ya kalamu kana kwamba ni panya amekufa, akalipiga picha. Simlaumu. Wala simlaumu Kinyanjui na Nyakio. Mtu akinunua nyanya huzibonyeza, na mimi nimebonyezewa nyanya maisha yangu yote bila kununa. Wakataka ufa wa sebuleni uzibwe, mfereji wa paa ubadilishwe, choo kikae sawa, stendi ya tangi isimame wima, na ile nafasi juu ya mlango wa chumba cha mzee, hiki hiki, ifungwe. Na loya wao akaandika kwamba hakuna sahihi mpaka yote yaishe.

Na yakakataa kuisha. Fundi wa vigae aligonga, bomba likavuja. Fundi wa bomba akachimba, kigae kingine kikainuka. Mkiziba hapa, pale panaachama. Na mimi nikahamishwa kutoka sebuleni nikaletwa huku, kwa sababu mliambiana mnunuzi akiona mwenye nyumba ni mgonjwa hivi atashusha bei. Wakija, mnanifungia mlango na redio kwa sauti ndogo. Nimekunywa vumbi la simiti na dawa zangu kwa kikombe kimoja. Nilitaka sana kuwaambia mniache niende hata Tuala kwa Kaloki nikafie kwenye kochi, lakini loya alisema nisiende mbali na sahihi yangu. Nyumba inanishika kwa sababu haijapona, na nyinyi mnanishika kwa sababu sijafa, na mimi katikati nimelala nikihesabu misumari ya dari.

Kwa hivyo ulipokuja, Kaloki, kuniuliza kuhusu ile nafasi ya juu ya mlango, nilikuwa nimechoka, nikasema zibeni. Ndiyo, mimi mwenyewe nilisema. Ningesema zibeni hata kama mngeniuliza kuhusu pua yangu. Fundi akaja, akasindilia simiti, akalainisha, akapaka rangi, na kwa kweli palipendeza, palikuwa pazuri kuliko mahali pengine popote katika hii nyumba. Halafu mvua ikafika. Usiku udongo ukanywa, ukavimba, ukuta ukatafuta ile nafasi yake ya kidole, haukuipata, ukaikalia fremu. Tangu asubuhi mnasukuma mlango, na mlango hauna makosa yoyote.

Sikilizeni basi niwagawie, kabla hawajafika. Nyumba ikiuzwa, gaweni sawa kwa sawa, na Muthoki asiambiwe ameolewa. Muthoki, kibanda changu cha sokoni ni chako, pamoja na wale wanawake wa Kimana wanaoniletea vitunguu. Usiwapunje kwenye mizani, walinizikia mume nikiwa sina hata sukari ya wageni. Roy, chukua mizani yangu na nguo za baba yako, na uache kumjibu kaka yako vibaya mbele ya watu. Kaloki, wewe utawaongoza, na kuongoza nikuonyeshe leo hii, ngoja.

Wathome mtampelekea kiti cha baba yenu, kile cha ngozi. Siku ya mazishi ya ndugu yake alisema mbele ya watu kwamba mimi nimebaki kula nyumba ya mume wangu, na mimi nikalibeba hilo neno mpaka mgongo ukapinda. Leo nalitua. Nimeona nyumba inavyoweza kumla mtu pia. Mpeni kiti, mmwambie Mwelu amesema akae.

Na mkinipeleka Kibwezi nilale kando ya baba yenu, msinijengee kaburi la simiti na vigae. Wekeni udongo tu. Nimefungiwa mara moja, inatosha.

Nipeni maji... hapo, kwa mrija, pitisha katikati ya chuma. Asante, Muthoki.

Hiyo ni honi ya gari. Ni wao. Sasa nisikilizeni vizuri kwa sababu sauti inaniishia. Sitaki shoka. Mlango haujakosa. Ingieni ndani, pandeni kiti, mchukue nyundo na patasi, mtoboe ile simiti mpya ya juu, yote, kutoka pembe mpaka pembe. Ukuta utapata mahali pake na mlango utafunguka wenyewe. Najua ndicho hasa kitu walichotaka kizibwe, na najua wataona kikizibuliwa mbele ya macho yao. Waache waone. Muthoki, usiwapeleke sebuleni kwa chai, walete hapa dirishani, waniangalie, wajue huu udongo unafanya nini. Wakiondoka, waondoke, mtapata korti na Wathome na miaka mingi, na mimi nitakuwa nimewaachia taabu, naijua, na inaniuma. Lakini sitaweka sahihi nikiwa ndani ya kaburi lililopakwa rangi.

Kaloki, toa hizo karatasi hapa. Zitalowa.

Karibu, Nyakio. Usiogope, mama, ni mimi mwenye nyumba. Walinificha usinione. Samahani sijakufungulia mlango, ni mlango haujanifungulia mimi. Simama tu hapo, umsikie mgonjwa akibariki watoto, si jambo la kuaibisha.

Leteni mikono. Ipitisheni kwa grili. Muthoki, lete. Mkono wako baridi sana. Natema mate kidogo kifuani na hapa kiganjani, kama mama yangu alivyonitemea... uzae, ukue, usikose mtu wa kukuitikia ukiita. Roy. Mkono wako mkubwa, ingiza vidole tu. Wewe uliyelia hapa ndani... ulale mahali popote na uamke. Mungu akuone hata ukinyamaza.

Kaloki, lete wako.

Kaloki yuko wapi? Alikuwa hapa sasa hivi. Ameenda kumpokea Kinyanjui? Kaloki, sina pumzi ya kukuita mara mbili.

Ngojeni. Nyamazeni.

Hiyo ni nyundo.

Muthoki uko hapa. Roy uko hapa, nimekushika vidole. Basi ni nani huyo anayegonga... Na hiyo sauti nyingine ni ya Kinyanjui, anauliza mbona anabomoa mahali palipotengenezwa juzi. Nyamazeni nisikie anavyojibiwa.

Mmesikia? Nyakio, umesikia? Amesema, "Mama yuko ndani."

Baba yake alisema hivyo hivyo. Kwa sauti hiyo hiyo.

Gonga, mwanangu. Mkono wako siufikii, nakutemea mate nikiwa hapa, upande wa mlango, yatafika. Ubarikiwe wewe na... na wote watakaokaa nyuma ya mlango wowote utakaoujenga. Gonga polepole. Vumbi linaniingia machoni, sioni vizuri, lakini naona mwanga, hapo juu, kama upana wa kidole.

Sitoki hapa kitandani. Nakungoja uingie.